Kipandikizi au Meno ya Kuvua: Jibu Linaanzia Kwenye Mfupa wa Taya

Shangazi yangu anaishi Tukuyu, na kwa miaka tisa amekuwa na meno bandia ya juu na ya chini. Ya juu huyavaa kutwa nzima, awe shambani, sokoni au kanisani. Ya chini hukaa ndani ya kikombe juu ya kabati na hutolewa siku za harusi na misiba, kwa sababu hayatulii mdomoni: akicheka yanainuka, akitafuna yanateleza, na yakiteleza humchubua ufizi kiasi cha kumfanya aishi kwa uji na maziwa siku mbili nzima. Sisi ndugu tuliamini kwa muda mrefu kwamba aliyemtengenezea alifanya kazi mbaya. Nilipoanza kuwauliza madaktari wa meno na kusoma juu ya jambo hili, nilitambua kwamba tulikuwa tumemlaumu fundi kwa kosa ambalo kwa sehemu kubwa halikuwa lake, maana meno ya juu na ya chini yalitengenezwa na mtu yuleyule, kwa vifaa vilevile, katika wiki ileile, na kilichotofautiana ni taya tu.

Naeleza kisa hiki kwa sababu watu wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe waliopoteza meno huuliza kama vipandikizi, yaani skrubu ndogo zinazowekwa ndani ya mfupa wa taya ili kushikilia meno bandia, ni bora kuliko meno ya kuvaa na kuvua, kana kwamba hizo ni bidhaa mbili zilizopangwa kwenye rafu moja na tofauti yake ni bei. Swali likiulizwa hivyo halina jibu. Kinachoamua ni mfupa uliobaki, idadi ya meno yaliyopotea, taya ambalo yamepotea, na jambo moja linalosahaulika sana huku kwetu, nalo ni umbali kati ya nyumba yako na mtu atakayekihudumia kitu hicho kitakapolegea.

Tuanze na mfupa. Jino la asili halijagandamana na taya moja kwa moja; kati ya mzizi na mfupa zipo nyuzi nyembamba zinazolishikilia jino, na kila unapotafuna nyuzi hizo huuvuta mfupa kidogo. Mvuto huo ndio unaouarifu mwili kwamba mfupa ule bado una kazi. Jino likishang'olewa, kazi hiyo hukoma, na mwili huanza kuuyeyusha mfupa usiotumika. Mahali palipong'olewa jino moja, upana wa ukingo wa taya hupungua kwa takriban nusu ndani ya miezi 12, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo kasi hupungua, lakini mfupa hauachi kupungua, na kwa mtu asiye na meno kabisa huendelea kuisha maisha yake yote.

Meno ya kuvua hayauzuii mwenendo huo, kwa kuwa hayana mzizi. Yanakalia ufizi, na ufizi unaukandamiza mfupa kutoka juu, jambo ambalo mfupa haulipendi. Ndiyo maana meno yaliyokaa sawasawa mwaka wa kwanza huanza kucheza mwaka wa tatu au wa nne: meno hayajabadilika, ila ukingo yanaoukalia umeshuka. Hapo daktari anaweza kuongeza tabaka jipya upande wa ndani ili yalingane tena na ufizi, kazi ambayo ni nafuu sana kuliko kutengeneza meno mapya, na inasikitisha kwamba wengi hawajui kuwa huduma hiyo ipo. Huyaweka kabatini na kusema yameharibika.

Sasa turudi kwa taya la chini, ambalo ndilo kiini cha tatizo la shangazi. Meno bandia ya juu hufunika kaakaa lote, na utando mwembamba wa mate kati ya bamba na kaakaa huyafanya yanate kama vioo viwili vilivyolowa maji. Taya la chini halina kaakaa. Lina ukingo mwembamba wenye umbo la kiatu cha farasi, ulimi unausukuma kutoka ndani, shavu linausukuma kutoka nje, na eneo la kushikilia ni dogo zaidi. Juu ya hayo, watafiti waliofuatilia watu wasio na meno kwa miaka mingi walikuta kwamba mfupa wa taya la chini hupungua kwa kiasi cha mara nne ya ule wa juu. Kwa wengine ukingo hushuka hadi mshipa wa fahamu unaotokea upande wa mbele wa taya hubaki karibu na uso wa ufizi, na kila meno yanapoukandamiza, mtu husikia maumivu makali mfano wa shoti ya umeme. Mgonjwa anayelalamika hivyo si mdekaji, na namsihi yeyote mwenye mzazi wa namna hiyo nyumbani asimwambie kwamba atazoea.

Kipandikizi kinafanya kazi kwa njia nyingine. Ni skrubu ndogo ya titani, kwa kawaida yenye kipenyo cha milimita tatu hadi tano na urefu wa milimita nane hadi 14, inayowekwa ndani ya mfupa mahali pa mzizi. Siri yake iligunduliwa bila kutafutwa. Mwaka 1952, mtafiti wa Uswidi Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza jinsi damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura kwa kutumia kifaa cha titani, na alipotaka kukitoa akakuta mfupa umekishika kiasi kwamba hakitoki. Mwili ambao kwa kawaida hukikataa kitu kigeni ulikuwa umeikubali titani na kuujenga mfupa hadi kwenye uso wake. Mwaka 1965 alimwekea vipandikizi mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro za taya, naye alivitumia hadi alipofariki mwaka 2006. Ilichukua muda mrefu kabla ya madaktari wengine kumwamini Brånemark. Ni baada ya mkutano wa Toronto wa mwaka 1982 ndipo njia yake ilipoanza kukubalika duniani.

Kwa kuwa skrubu imeshikwa na mfupa, nguvu ya kutafuna hupita ndani ya taya kama ilivyokuwa kwa jino, na mfupa unaoizunguka hubaki kwa kiwango kikubwa. Hiyo ndiyo faida yake kuu, hata kuliko uzuri wa tabasamu. Mtu mwenye meno bandia kamili hutafuna kwa nguvu ya robo au chini ya robo ya ile ya meno ya asili, na wengi huanza kuacha nyama, karanga, makande na mahindi ya kuchoma bila kujitambua, wakabaki na ugali laini, viazi vya kuponda na parachichi. Kwa mtu wa makamo hilo linavumilika, lakini kwa mzee ambaye tayari anakula kidogo linaweza kuudhoofisha mwili mzima.

Hata hivyo, kuna njia ya kati ambayo sielewi kwa nini haizungumzwi zaidi, kwa maana kwangu ndiyo jibu bora kwa wazee wengi walio katika hali ya shangazi. Mtu asiye na jino hata moja hahitaji kipandikizi kwa kila jino. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana katika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walikubaliana kwamba kwa taya la chini lisilo na meno, tiba ya kwanza kufikiriwa iwe meno ya kuvua yanayoshikiliwa na vipandikizi viwili tu upande wa mbele. Vipandikizi hivyo huwekewa vichwa vidogo, na chini ya meno bandia huwekwa vikombe vinavyobana juu ya vichwa hivyo kama kifungo cha kubonyeza cha nguo. Mtu bado huvua meno yake usiku na kuyasafisha, lakini mchana hayainuki. Sehemu ya mbele ya taya la chini ndiyo pia inayobaki na mfupa wa kutosha hata baada ya miaka mingi, na haina mshipa mkubwa wa fahamu wa kuogopa kama ilivyo upande wa nyuma. Taya la juu huachwa na meno yake ya kawaida, ambayo kwa wengi yanatosha.

Kwa hiyo kama familia imechangishana na fedha ni za kupimwa, maoni yangu ni kwamba fedha hizo ziende chini kabla ya kwenda juu. Shangazi ameamua hivyo. Alipopigwa picha, daktari alimwonyesha kwamba mfupa wa mbele bado ulikuwa na kimo cha kutosha, ingawa ule wa nyuma ulikuwa umebaki kidogo sana. Kungekuwa na faida kubwa zaidi kama angeonyeshwa picha hiyo miaka tisa iliyopita, kabla ya meno ya mwisho kung'olewa, lakini hakuna aliyemweleza wakati huo kwamba jambo la namna hii lipo.

Kwa mtu aliyepoteza jino moja au mawili, hesabu ni nyingine kabisa. Hapo swali la kwanza linapaswa kuwa kama pengo lenyewe linahitaji kuzibwa. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003 ulichunguza watu waliopoteza magego ya nyuma na haukuunga mkono imani kwamba kila gego lazima lirudishwe: waliobaki na magego madogo yote yaliyo nyuma ya chonge, pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, waliweza kutafuna vya kutosha. Pengo la gego la mwisho lisilomsumbua mtu linaweza kuachwa kwa amani, na fedha zikatumika kuyatibu meno yaliyobaki. Napenda sana matokeo hayo kwa sababu yanatoka kwa watu wanaokula chakula tunachokula sisi.

Jino la mbele haliachwi, hasa kwa kijana. Hapa mikoani kwetu ajali za bodaboda zimewang'oa meno ya mbele vijana wengi, na wazazi wenye uwezo hutaka kijana apewe kipandikizi mara moja. Hilo linahitaji subira. Taya la mtu chini ya miaka 18 kwa kawaida bado linakua, na meno ya asili hushuka pamoja nalo wakati kipandikizi, kikiwa kimeshikwa na mfupa, hakisogei. Baada ya miaka michache jino lile huonekana limebaki nyuma ya mengine, na kulirekebisha ni kazi ngumu. Kijana wa miaka 15 avae jino dogo la kuvua, au abandikiwe daraja jepesi, yaani jino bandia linaloshikizwa nyuma ya jino la jirani, akisubiri ukuaji ukome.

Jino dogo la kuvua nalo lina hatari ambayo watu huichukulia kirahisi. Kipande chenye jino moja, kisicho na vishikio, kinaweza kumezwa au kuvutwa kwenye njia ya hewa mtu akiwa usingizini au amelewa, na plastiki inayotumika kutengeneza meno mengi ya bandia haionekani vizuri katika picha ya mionzi, kwa hiyo daktari wa dharura anaweza kukitafuta asikione. Jino la kubandikiwa na mtu asiye na taaluma, kwa gundi au waya, nalo halistahili kukubaliwa kwa bei yoyote, kwani huozesha meno mawili ya jirani ili kuliokoa pengo moja.

Wapo wanaodhani kwamba hali fulani za afya zinawafungia kabisa mlango wa vipandikizi. Mikoa ya Njombe na Iringa kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa yenye maambukizi mengi ya VVU nchini, na nimesikia watu wakisema kwamba anayetumia dawa za kufubaza virusi hawezi kupandikizwa. Hiyo si kweli. Mtu anayemeza dawa zake vizuri, ambaye virusi vimefubazwa na kinga yake iko sawa, anaweza kupandikizwa kama mwingine, mradi daktari ajue hali yake. Kisukari nacho hakizuii kikidhibitiwa. Kisipodhibitiwa, kidonda huchelewa kupona na mfupa hushindwa kuishika skrubu. Sigara huongeza waziwazi uwezekano wa kipandikizi kushindwa. Wanaohitaji tahadhari kubwa zaidi ni waliowahi kupigwa mionzi ya saratani eneo la taya, na wanaotumia dawa za kuzuia mfupa usimomonyoke, ambazo hupewa baadhi ya wagonjwa wa saratani iliyofika kwenye mifupa, kwa maana taya lao likikatwa linaweza kukataa kupona. Mtu asiseme tu kwamba anatumia vidonge. Aende na vidonge vyenyewe mfukoni.

Ugonjwa wa fizi nao unahitaji neno lake. Aliyepoteza meno kwa fizi zilizooza na kutoa usaha, kisha akawekewa kipandikizi bila fizi hizo kutibiwa, amepanda mche mpya katika udongo wenye ugonjwa uleule. Titani haitoboki, lakini ufizi na mfupa vinavyoizunguka huugua kama vinavyougua kwenye jino, na mara nyingi bila maumivu hadi skrubu inapoanza kutikisika. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya vipandikizi huwa bado viko mdomoni baada ya miaka 10, lakini takwimu hiyo inatokana kwa kiasi kikubwa na watu wanaopiga mswaki na kurudi kliniki. Kipandikizi hakimwondolei mtu kazi ya kutunza kinywa. Kwa kweli humwongezea.

Na hapo ndipo umbali unapoingia. Tiba ya kipandikizi haimalizwi kwa safari moja. Kuna siku ya uchunguzi na picha, ikiwezekana picha ya mionzi inayoonyesha taya pande zote tatu ili daktari ajue mshipa wa fahamu ulipo na aache nafasi ya milimita mbili hivi kabla ya kuufikia. Kuna siku ya kuweka skrubu. Kuna miezi mitatu hadi sita ya kuusubiri mfupa ushike. Kisha kuna siku za kuchukua vipimo na kuweka jino lenyewe juu ya skrubu. Anayelazimika kwenda Dar es Salaam kutoka Mbeya anasafiri zaidi ya kilomita 800 kila mara, na kutoka Iringa kama kilomita 500, kwa hiyo nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea ni sehemu ya bei hata kama hazimo kwenye karatasi uliyopewa. Kabla ya kukubali, uliza bei hiyo inajumuisha nini: picha, skrubu, kiunganishi cha skrubu na jino, taji (yaani jino lenyewe linalokaa juu ya skrubu), na ziara za baadaye, maana mara nyingi bei inayotangazwa ni ya skrubu peke yake. Mwenye bima aulize bima yake kwa maandishi, kabla ya upasuaji.

Meno ya kuvua yana faida ya wazi hapa. Yakivunjika, hutengenezwa na fundi yeyote wa maabara ya meno mwenye plastiki na ujuzi, wala hayahitaji upasuaji. Kinachohitajika ni matunzo, nayo si magumu. Yasafishwe kwa mswaki laini na sabuni ya kawaida, juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasipasuke. Yavuliwe usiku na kulazwa kwenye maji safi, kwa sababu ufizi uliofunikwa usiku na mchana hushikwa na fangasi na kuwa mwekundu chini ya bamba bila mtu kujua. Maji hayo yawe ya baridi au vuguvugu. Najua kwamba asubuhi ya mwezi wa saba huko Makete na Njombe hakuna anayetamani kuweka kitu cha baridi mdomoni, na wapo wanaoyamwagia meno maji kutoka kwenye birika ili yapate joto. Maji yanayochemka huipinda plastiki, na meno yaliyopinda hayarudi. Chakula nacho kikatwe vipande vidogo na kitafunwe pande zote mbili kwa pamoja, kwa sababu kuuma kwa meno ya mbele huyainua ya nyuma. Hindi la kuchoma lipukuchuliwe kwa mkono kwanza.

Shangazi atakuwa na vyote viwili, meno ya kuvua na skrubu mbili chini yake, kwa hiyo ana kazi ya pande zote mbili. Vikombe vinavyobana ndani ya meno yake vina vipande laini vya plastiki vinavyolika kwa kuvaa na kuvua, na huenda vikahitaji kubadilishwa kila baada ya mwaka hivi, jambo la dakika chache ikiwa kliniki ina vipande vinavyolingana. Hilo neno, vinavyolingana, ndilo lililonifanya nikae na daktari wake nusu saa zaidi. Watengenezaji wa vipandikizi ni wengi duniani, na bisibisi ya mmoja haiingii kwenye skrubu ya mwingine. Mgonjwa anayehama, au ambaye daktari wake amehama, anaweza kufika kliniki nyingine na kichwa kilicholegea ambacho kukikaza ni kazi ya dakika tano, akarudishwa nyumbani kwa sababu hakuna anayejua ni cha aina gani. Tuliomba kadi. Imeandikwa jina la mtengenezaji, aina ya kipandikizi, kipenyo, urefu, namba ya toleo, mahali kilipowekwa na tarehe, na nimeipiga picha kwenye simu yangu na ya binti yake, kwa maana kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 70, na sitaki azisafiri kisha aulizwe swali asiloweza kulijibu.